Maji Yaliyotoka Kwenye Karatasi

Niliaibika kanisani, mbele ya Padri, mbele ya mke wangu na mbele ya watu wote wa misa ya pili, na kwa kuwa nusu ya mtaa bado huniita "Bwana Kesho" ninapopita, naona heri niueleze mkasa huu mwenyewe kuliko kuendelea kuusikia vibandani ukiwa umetiwa chumvi (wapo wanaosema nilimwagiwa maji kichwani, jambo ambalo lisingewezekana, kwa sababu maji ndiyo hasa yaliyokuwa hayapo).

Kazi yangu ni matangazo. Niko katika ofisi ya zoni moja ya kaskazini mwa Bujumbura, upande wa kuelekea Buterere, na zoni, kwa asiyejua, ni ile serikali ndogo iliyo chini ya komini (wilaya yetu), inayokuambia Jumamosi hii utapeleka jembe lako wapi kwa kazi za pamoja, watoto watachanjwa lini, na mfereji upi utazibuliwa kabla mvua hazijaanza. Kila wiki huandaa karatasi moja yenye sehemu mbili, "Yaliyofanyika" na "Yatakayofanyika", shefu, yaani mkuu wa zoni, huipiga mhuri, nayo hubandikwa ubaoni na kupelekwa makanisani isomwe Jumapili baada ya komunyo, maana kwetu tangazo lisilosomwa kanisani ni kama halijatolewa.

Sasa sikilizeni ujinga wetu ulipolala. Sherehe zote za zoni hufanyika Jumamosi, baada ya kazi za pamoja, ilhali karatasi hutoka Ijumaa mchana, na shefu wetu (mtu mwema, lakini mwenye pupa ya kusifiwa) hapendi Jumapili ipite bila sherehe ya jana yake kusomwa. Kwa hiyo ofisini tulikuwa na desturi, niliyoikuta na kuiendeleza bila kuona haya, ya kuandika Ijumaa mambo yaliyofanyika Jumamosi. Haikuwa kazi ngumu. Hema husimamishwa, wimbo wa taifa huimbwa, shefu huhutubia, utepe hukatwa, watu hupiga makofi, na mkaazi mmoja asiye na jina hushukuru. Kwa miaka sita niliandika kesho kana kwamba ni jana, na kesho haikuniangusha hata mara moja. Tena nilisoma historia chuo kikuu, miaka minne mizima nikifundishwa kumtofautisha shahidi na mzushi, na nikaishia kulipwa mshahara kwa kuwa wote wawili.

Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kunionya. Mzee Salum, mwenye duka la vitambaa ambaye babu zake walitoka Omani, ndiye hupokea karatasi yetu kwa niaba ya msikiti, na yeye huruhusu isomwe sehemu ya "Yatakayofanyika" tu. Siku moja aliinua miwani akaniuliza, "Papa Arsène, hii ni Ijumaa. Hii sherehe ya kesho imekwisha saa ngapi?" Nilicheka. Akasema, "Na inshallah mmeiweka wapi? Siioni hapa." Nikacheka tena, nikanunua kitambaa cha mke wangu, nikaondoka.

Wiki ya mkasa ilikuwa wiki ya robine. Mtaa wa chini, ule unaopakana na mashamba ya mpunga, haukuwahi kuwa na bomba la maji la watu wote, wanawake walikuwa wakiteka kwenye mfereji au wakipanda hadi barabara kuu na bidoni zao, yale madumu ya njano, na hatimaye zoni ilikuwa imejenga robine: nguzo ya saruji, koki inayong'aa, na utepe tayari. Nilikaa Ijumaa asubuhi kuandika jinsi ilivyozinduliwa. Ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo, uamuzi wa dakika moja: nikaona kwamba yule "mkaazi mmoja" amechoka, kwamba habari hii ni kubwa na inastahili mtu mwenye jina, nikamweka Mama Divine.

Mama Divine ni jirani yangu, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na binti yake, huyo Divine, alikuwa ametoka hospitalini wiki hiyo hiyo baada ya kuharisha hadi akatundikiwa dripu, daktari akimwambia mama asimpe tena maji ya mfereji. Nilijua hayo yote. Niliyajua na nikayatumia, na hapo ndipo aibu yangu inaponiuma hadi leo, si pale walipocheka. Niliandika hivi: "Maji yalitoka kwa nguvu. Mama Divine, aliyejaza bidoni ya kwanza, alisema huku machozi yakimlengalenga: Leo nimepumzika, mwanangu hataugua tena." Nilisoma sentensi hiyo mara mbili, nikaipenda kama mtu anavyopenda picha yake mwenyewe.

Jumamosi sikuwepo. Nilikuwa Gatumba, kwenye mahari ya shemeji yangu, nikiwa na chupa ya Fanta mkononi, dereva wa zoni aliponitumia ujumbe mfupi: "Robine imekataa. Watu wamerudi nyumbani." Ningeweza kuondoka pale pale, nikapita makanisani, nikazirudisha karatasi. Lakini kufanya hivyo kungekuwa kukiri kwamba huwa tunaandika kabla, na mimi nikajiambia kwamba pengine ni hewa tu imo ndani ya bomba, hadi jioni itatoka, na Jumapili kila neno litakuwa kweli kama kawaida. Nikarudisha simu mfukoni. Nikaomba Fanta ya pili.

Jumapili niliketi safu ya pili nikiwa na shati jipya. Komunyo ikaisha, katekista (mwalimu mstaafu, miwani minene, sauti inayofika hadi barabarani) akafunua karatasi akaanza kusoma, naye alisoma vizuri mno. Alipofika kwenye "maji yalitoka kwa nguvu" nikasikia minong'ono nyuma yangu. Alipofika kwenye "machozi yakimlengalenga" minong'ono ikawa kicheko. Kisha benchi likalia kwa nguvu, mtu akasimama.

"Mi?" Ilikuwa sauti ya Mama Divine. "Mi nilisema hayo lini?"

Katekista akainua macho, akayashusha tena. "Mama, hapa imeandikwa."

"Imeandikwa na nani?"

"Karatasi iko na mhuri ya zoni, mama."

"Mhuri inatoka maji?"

Hapo kanisa zima lilicheka, hata wanakwaya, na mimi nikainama kana kwamba nimedondosha kitabu cha nyimbo. Mama Divine hakucheka. Alitoka nje, ambako bidoni za wanawake husubiri zimejipanga ukutani (wakitoka misani huenda moja kwa moja kutafuta maji), akarudi na yake, akatembea nayo katikati ya kanisa hadi mbele, akaifungua, akaipindua juu ya sakafu ya Padri. Halikudondoka hata tone.

"Ndiyo hii nimejaza?" akauliza. "Jana tumesimama pale na majembe kutoka asubuhi, shefu akakata utepe, akafungua robine, ikafanya pfff kama mutu mwenye mafua. Halafu leo nasikia nililia kwa furaha. Mutoto wangu amekunywa nini jana usiku, we mwenye kuandika? Amekunywa utepe?"

Watu wote wanajua nani huandika. Vichwa viligeuka kwangu kimoja kimoja, na mke wangu, ambaye bega lake ndilo nililokuwa nimelitegemea, akasogea pembeni.

"Simama," akaninong'oneza. "Ama useme ama utoke, lakini usijifiche nyuma yangu."

Nikasimama. Ningependa kuwaambia kwamba nilisema kweli papo hapo, lakini nimeahidi kutotia chumvi: neno langu la kwanza lilikuwa "mashine". Nilisema, "Mashine... kompyuta ya ofisi..." na Mama Divine akaniangalia tu, bidoni ikining'inia mkononi.

"Papa Arsène," akasema, sasa kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyonimaliza, "mi niko na kinywa yangu. We unaniweka maneno mu kinywa kama unalisha mutoto, juu ya nini? Ungekuja kuuliza. Tunakaa ukuta kwa ukuta."

Ndipo nikasema. Nikasema kwamba niliandika Ijumaa, kwamba huwa naandika Ijumaa, kwamba sherehe zote walizozisikia kwa miaka sita ziliandikwa kabla hema halijasimama, kwamba jana mchana nilijua maji hayakutoka na nikanyamaza. Padri alitoa baraka ya mwisho kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona, na nje, mtu wa kwanza kunipungia mkono akaniita Bwana Kesho.

Mnadhani yaliishia hapo? Mama Divine alikuwa amemwomba katekista ile karatasi, na katekista alikuwa amempa.

Jumatatu asubuhi niliikuta foleni mbele ya ofisi ya zoni, kuanzia mlangoni hadi kwenye lami, wanawake na bidoni zao, wa mbele akiwa Mama Divine na karatasi mkononi, mhuri ukiwa upande wa nje ili kila mtu auone. Mlinzi alikuwa akiwasihi.

"Mama zangu, hapa ni ofisi, hapa si robine."

"Tunajua," Mama Divine akamjibu. "Zoni inasema nimeteka maji. Iko na mhuri. Basi mi nakuja kuchukua maji yangu, sijui mumeyaweka wapi."

Shefu akaniita ndani na kufunga mlango. Hakufoka. Alinivutia kiti, akanipa kalamu, akaniambia kwa upole kabisa, "Papa Arsène, we ni mutu wa masomo. Andika kitu kidogo tu: kwamba katekista alisoma vibaya, alichanganya yaliyofanyika na yatakayofanyika. Muzee yule macho yake mabaya, kila mutu anajua. Mambo yanaisha."

Nilimfikiria yule mzee na miwani yake, ambaye hakuwa amekosea hata nukta moja. Nikaifikiria pia kazi yangu, sitawadanganya, na ada ya shule ya mwanangu Arsène.

"Shefu," nikamwambia, "alisoma sawasawa. Aliyekosea ni mwandishi. Naweza kuandika hilo, nikatia sahihi."

"Na mhuri wangu?"

"Mhuri wako uko pale nje, shefu, kwenye mkono wa Mama Divine."

Akaichukua tena kalamu. Kisha akasema kwamba basi nisiandike chochote, niende nikawatawanye. Nikatoka. Sasa, uani kwetu, nyuma ya ofisi, pana robine ya kuoshea gari la shefu, na hiyo haijawahi kukataa. Nilipita mbele ya mlinzi, nikafungua geti la uani, nikafungua koki hadi mwisho, nikarudi kwenye foleni na kusema, "Mama Divine, pita." Shefu alikuwa dirishani. Tulitazamana. Sikuomba radhi siku ile, na wala siombi leo.

Nilihamishwa kabla ya chakula cha mchana. Walinipa chumba cha vyeti vya kuzaliwa, ambamo kazi yangu ilikuwa kunakili majina ya watu waliokwisha kuzaliwa (aliyenichagulia chumba hicho, kama alitania, alitania vizuri sana: hakuna anayeandikishwa kabla hajazaliwa). Matangazo yalisimama. Foleni haikusimama. Kila asubuhi ilirudi, ikapita uani, bila matusi na bila mawe, bidoni tu, na shefu akawa anafika kazini na gari lenye vumbi, akilazimika kuwapita wote na kuwaamkia wote, nao wakimwitikia wote. Baada ya siku kadhaa za salamu hizo, mafundi walionekana mtaa wa chini. Walichimba na kukuta kilichokuwa kimefichwa na saruji na utepe: bomba la robine halikuwa limeunganishwa na lile kubwa. Lilifika barabarani, likakoma.

Waliliunganisha siku ya Jumatano. Hapakuwa na hema wala hotuba. Nilitoroka kwenye vyeti vyangu nikaenda kwa miguu, nikiwa na daftari na kalamu, nikasimama na kungoja hadi nilipoyaona maji kwa macho yangu, ya udongo kwanza, halafu meupe. Mama Divine alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Divine alikuwa amesimama kando yake, bado mwembamba, amejifunga kitenge cha mama yake. Nikamsogelea kwa adabu.

"Mama Divine, unasemaje leo?"

Alinitazama, akaitazama kalamu.

"Leo unauliza?"

"Leo nauliza."

"Basi andika," akasema. "Andika kwamba Mama Divine alisema: toka mbele, unaniziba, bidoni yangu iingie."

Nilitoka mbele. Jioni ile nilibandika karatasi ya habari hiyo kwenye ubao wa zoni mwenyewe, bila mhuri, kwa mwandiko wangu, chini ya neno "Yaliyofanyika", na chini yake nikaweka maneno yake kama yalivyo, na jina langu. Asubuhi shefu aliisoma, akasimama kidogo, akaingia ndani bila kuichana. Mzee Salum alikuja siku iliyofuata kuomba nakala ya msikiti, na safari hii alitaka ile sehemu ya "Yaliyofanyika". Niite Bwana Kesho ukipenda, nimezoea. Ila mtu akitaka nimwandikie yaliyofanyika, atanivumilia: nitaandika kesho yake, baada ya kuona, na nitamuuliza kwanza mwenye kinywa.