Nilimfundisha Ling Kiingereza Nisichokijua

Kosa ni langu. Simsingizii shetani, wala simsingizii Mchina. Naandika bila jina kwa sababu wenzangu wa Kariakoo mpaka leo wananitania "mama Kiingereza", na kila wakiniita hivyo moyo unanichoma.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Guangzhou, nanunua mikoba ya kina mama na kuituma Dar es Salaam. Nilipanga chumba kwa familia moja ya Kichina. Binti yao, Ling, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, alikuwa ameachishwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, na mama yake mgonjwa alikuwa anamtegemea. Siku aliyonisikia nabishana na muuza duka kwa Kiingereza, akaona amepata mwalimu.

Jamani, Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji! Lakini aliponiita "laoshi", yaani mwalimu, kichwa kikavimba. Nikakubali.

Ling hakutaka Kiingereza cha vitabuni, hicho alikuwa nacho.

"Laoshi, mimi nataka kile wanachoongea wenyewe," aliniambia. "Yale maneno yanayosema hiki, yakamaanisha kile."

Alikuwa na kanda za kaseti na daftari. Tulisomea jikoni huku akinikaangia samaki kwenye sufuria mpya aliyoninunulia, isiyowahi kugusa nguruwe. "Piece of cake" niliijua: kazi rahisi. Nikamwambia kwetu mtu akifukuzwa kazi tunasema amemwaga unga. Alicheka mpaka machozi! Kwao, akasema, mtu huyo bosi wake amemkaangia ngisi.

Basi siku moja akaja na "cut corners". Ameisikia kwenye kaseti, haielewi.

Mimi ndiyo kwanza naisikia! Lakini kwetu dereva si anakata kona? Nikaona aibu kusema sijui.

"Maana yake mtu mwepesi," nikajibu bila kupepesa macho. "Hazunguki, anamaliza kazi haraka."

Akasita, kalamu mkononi. "Nimuulize na yule jirani anayefundisha chuoni?"

Nikanuna. "Kama huniamini, nenda kwake akufundishe yeye!"

Akainamisha kichwa, akaandika.

Miezi michache baadaye nikampeleka mwenyewe Shiling, mji wa viwanda vya mikoba nje ya Guangzhou, kwenye kiwanda ninakonunua mzigo. Laoban, bosi wa pale, akamchukua kwa majaribio awe mkalimani. Ling alinishika mikono yote miwili kwa shukrani.

Wiki ya tatu nilikuwa pale ofisini nasubiri mzigo wangu. Akaingia Mwingereza mmoja, mnunuzi mkubwa, kwa mara ya kwanza. Laoban alikuwa anatoka jasho. Ling akamtembeza mgeni, akamwonyesha ngozi, zipu, mishono. Anaongea vizuri, mimi najisikia fahari kama nimemzaa! Mgeni akauliza kama oda yake itakamilika kwa wakati.

Ling akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti: "Usiwe na wasiwasi. In this factory, we always cut corners!"

Yule mzungu akauweka mkoba mezani taratibu. Akamuuliza kama anajua alichosema. Ling, maskini, akarudia, tena kwa tabasamu.

Mgeni akamweleza polepole: maana yake ni kulipua kazi, kuiba ubora ili ubane matumizi. Uso wa Ling ukawa mweupe. Akanigeukia.

"Laoshi ndiye aliyenifundisha," akasema.

Wote wakanitazama. Mgeni akaniuliza, "Ni kweli?"

Nilijua nikikubali, laoban hatanipa tena mikoba kwa bei ile. Nilijua wataniona mjinga. Ulimi ukatangulia.

"Hapana. Sijui ameitoa wapi."

Mungu nisamehe!

Ling hakubisha. Alinitazama tu, kisha akatazama sakafu. Mgeni akasema atafikiri kwanza, akaondoka. Laoban hakungoja hata gari la mgeni litoke getini. Akampigia Ling kelele mbele ya mafundi wote, akamwambia asirudi kesho.

Kwenye basi la kurudi mjini alikaa kiti cha mbele, peke yake.

Siku tatu nilizunguka na ile dhambi. Siku ya nne nikamfuata jikoni, nikalia, nikakiri kwamba lile neno sikulijua kamwe.

"Nilijua hulijui," akasema. "Niliona macho yako. Lakini ulikasirika, nikaogopa kukukosa." Alikuwa anamenya tangawizi, hakuacha. "Kutojua si kitu. Ungesema 'ni mimi', yule mgeni angecheka. Sote wawili tungecheka."

Nikamwambia kesho nitakwenda kwa laoban kumweleza ukweli. Nikaenda kweli. Akaniambia ameshaajiri mwingine, kisha akaniuliza nataka mikoba mingapi.

Mwezi ule ule mama yake Ling aliniomba kwa upole nitafute chumba kwingine. Tangu hapo sijamwona Ling wala kusikia habari zake.

Wewe unayesoma hapa, ukiitwa mwalimu, bosi au mtaalamu, na ukaulizwa usichokijua, sema sijui. Utaona haya dakika moja. Na kama umeshadanganya na mwenzako amesimama anakutazama umwokoe, mwokoe pale pale! Usingoje siku ya nne kama mimi.