Karatasi Nne za Papa Riziki

Mwanangu, kuna siku moja ambayo nikiikumbuka, hadi leo masikio yananiwaka moto. Ilikuwa mjini Lilongwe, mtaa wa Chilinde, na mwanamke wa rika langu alikuwa akinirudishia barua niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Hakuichana. Aliinyoosha tu mbele ya uso wangu na kusema, "Chukua karatasi yako. Huyu mutu haiko baba yangu."

Ngoja nikueleze nilivyofika hapo.

Miaka ile nchi yetu ilikuwa bado inaitwa Zaire. Nilitoka Bukavu na diploma ya shule ya masista ndani ya mfuko wa plastiki, nikapokelewa Malawi, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nje ya Lilongwe. Kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, Papa Balthazar (Papa kwetu ni baba), katekista wetu, alinipa kazi mbili: kumsaidia kufundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, na kuwaandikia watu barua. Nilikuwa na kiburi kidogo. Nisikudanganye, nilikuwa nacho kingi.

Papa Balthazar alipenda maswali kuliko wengine wanavyopenda nyama. Wiki ile nilimpelekea moja lililokuwa likinikera: kwa nini Kanisa lina Injili nne? Huyu anasimulia hivi, yule anaongeza lile, mwingine anaruka kabisa. Si wangeketi pamoja wakaandika moja tu, safi? Akacheka. "Mademoiselle, swali yako iko muzuri. Iache kwanza ikae." Nikaona ananikwepa.

Basi siku mbili baadaye wakanijia watu wanne waliokimbia pamoja na mzee mmoja, Papa Riziki, aliyefia njiani kwa homa. Binti yake, Riziki, alikuwa ametangulia Malawi na sasa alikuwa Chilinde akishona nguo kwa cherehani ya kukodi. Sisi wa Bukavu tuliijua habari yao. Binti aliolewa na mwanamume ambaye baba hakumtaka, na tangu harusi ile baba hakumpa tena neno lolote, baya wala zuri. Hao wanne walikuwa wamesikia maneno ya mwisho ya mzee, na tangu wafike walikuwa wakiyasimulia kisimani na kwenye foleni ya unga. Sasa walitaka yaandikwe, yamfikie binti.

Wakanieleza kwa zamu. Mama Chantal, aliyempikia mzee uji, alisema mzee alikuwa ameketi aliposema maneno yale. Seremala mmoja akasema hapana, alikuwa amelala. Mwalimu mstaafu alikumbuka kwamba alilitaja jina la Riziki mara tatu. Wa mwisho alikuwa Mzee Ramazani, mfanyabiashara Mwislamu kutoka Kindu. Yeye jina hakulisikia hata mara moja. Alisikia hivi: "Cherehani ya mama yangu, muipatie ule mukaidi. Iko kwa fundi wa viatu."

Mimi nikaona aibu. Mtu anakata roho, anazungumzia cherehani? Tena anamwita mwanawe mkaidi? Walipoondoka niliketi, nikazichanganya zile habari nne kuwa moja. Nikatoa ukaidi, nikatoa cherehani, nikaandika: "Binti yangu mpendwa, ninakupa msamaha wangu wa kibaba, ukae kwa amani." Niliipenda barua ile mno, nikaamua kuipeleka mwenyewe.

Ndiyo hiyo Riziki aliyonirudishia. "Baba hakukuwaka anasema vile, hata siku moja," akasema. "Munanionea tu huruma. Munatunga." Hakukubali kukaa matanga. Kwa maoni yake, watu wanaoweza kumtungia msamaha wanaweza pia kumtungia kifo. Nilimwacha pale mlangoni akiwa hana baba wa kumlilia wala wa kumngojea, na hilo lilikuwa kosa langu.

Nikarudi kambini nyuma ya matola, pikapu ya kubebea abiria, katikati ya magunia. Papa Balthazar nilimkuta akichambua maharage. Akaisoma barua yangu mara mbili.

"Ni nani anasema hapa?"

"Papa Riziki."

"Hapana. Ni we."

Kisha akanisogezea sinia ya maharage tuchambue wote, akaniuliza, "Yesu aliandika kitabu gani?"

Nikamwambia hakuandika.

"Na mitume, ile siku ya kwanza balitoka kuhubiri, balibeba Injili gani mukononi?"

Mwanangu, nilikuwa nimesoma dini miaka mingi na sikuwahi kujiuliza hilo. Hawakubeba yoyote. Walibeba walichokiona na kukisikia. Walihubiri, walibatiza, walimega mkate, watu wakaamini na wengine wakaifia imani hiyo, na bado hakuna aliyekuwa ameandika mstari wa kwanza wa Injili. Ni baadaye ambapo baadhi ya mitume, na wengine waliokuwa karibu nao, waliyaandika yale yale, Roho Mtakatifu akiwaongoza.

"Kwa hiyo mafundisho yalitangulia, kitabu kikafuata?"

"Njo vile. Lakini usizarau kitabu, ni Neno ya Mungu. Maji ni ya kisima moja."

Sikutosheka. Nilijua kulikuwa na maandishi mengine mengi ya kale yanayomtaja Yesu. Kanisa lilijuaje kwamba hizi nne ndizo? Papa Balthazar akapangusa mikono. "Rudia wale bantu bane. Andika kila mutu vile alisema, kila mutu na karatasi yake. Usiipige pasi. Kisha urudi Chilinde."

Nikafanya hivyo. Riziki hakunikaribisha ndani. Alisoma akiwa amesimama mlangoni. Karatasi ya Mama Chantal haikumgusa. Ya seremala ikamfanya atikise kichwa: ameketi au amelala? Ya mwalimu akaipitia haraka. Alipofika kwenye ya Mzee Ramazani, aliisoma mara ya pili. Akaketi chini, pale pale kwenye kizingiti.

"Njo yeye," akasema. "Mukaidi. Tangu niko mutoto ananiitaka vile. Njo baba, huyu."

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akazirudia zile tatu alizokuwa amezidharau, akazisoma polepole, na sasa aliamini kila kitu ndani yake. "Alinitaja mara tatu," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye sikuwa nimeisoma. Akacheka, kisha akapiga yowe la msiba. Jirani yake, mama mmoja wa Kimalawi, akaja mbio, akaketi naye, na baadaye akatuletea nsima, ugali wa kwao. Matanga yakaanza siku ile. Mimi nililia kuliko nilivyokuwa na haki ya kulia.

Hapo swali langu likapata jibu. Kanisa lilikuwa limeisikia sauti ya Yesu kabla haijaandikwa. Mitume waliiacha ndani yake, katika mafundisho, katika sala na katika mkate. Injili nne zilipoletwa likasema kama Riziki, njo yeye, ndiye huyu. Nyingine, hata zilizopigwa pasi vizuri, likazirudisha. Halikuzifanya hizo nne kuwa kweli, lilizitambua.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usiitenganishe Injili na midomo iliyoibeba kwanza. Isome ndani ya nyumba ambamo sauti yake inajulikana, pamoja na wale walioipokea kwa mitume na kuipitisha mpaka kwako. Zikitofautiana nne hizo, usikimbilie kuzinyoosha, na usiogope kuuliza. Mimi mwenyewe bado sijui kama Papa Riziki alikuwa ameketi au amelala. Nikimkuta mbinguni nitamuuliza.

Na Mungu akujalie masikio ya yule binti wa Chilinde, ili siku sauti ikikufikia, hata ikikuita mkaidi, ujue ni Baba yako.