Haragwe Lililoinamia Ukuta

Juzi, nikikagua masomo, nilikaa nyuma ndani ya darasa la watoto wadogo huko Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Kila kikundi kilikuwa kimepanda haragwe kwenye kopo. Miche yote ilikuwa imeinamia dirisha, isipokuwa mmoja. Huo ulikuwa juu ya dawati tupu la pembeni, nao uliinamia ukuta wa udongo.

Mwalimu akataka kulihamisha kopo. Msichana wa kikundi hicho akalishika.

“Hapana, Mwalimu. Ni fasi ya mwenzetu. Alienda Kikagate, kule ku mupaka, na baba yake, hajarudia. Mumea uko unamutafuta.”

“Mumea hautafute mutu, mama. Unatafuta mwangaza.”

“Ndani ya ukuta?”

Wenzake wakacheka. Mwalimu akapapasa ukuta, akapata tundu la msumari lililopenyeza mwanga.

“Munaona? Ni mwangaza tu.”

“Ni yeye alilitoboa,” msichana akasema. “Alikuwa anachunguliaka barabara.”

Mwalimu akaweka jicho kwenye tundu. Alikaa hapo muda mrefu kuliko somo lilivyohitaji.

“Mwalimu,” msichana akanong’ona, “umemuona?”

Mwalimu akaondoka ukutani, akaliacha kopo palepale. Nami, ambaye kazi yangu ni kuangalia, nilipita karibu na tundu lile nikitoka kurudi Mbarara, wala sikuchungulia.