Hesabu Iliyokataa Kutulia

Maxine Ogada alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai nje ya Kericho, ambako babake alikuwa fundi wa boila. Alisomea uinjinia, kisha akaajiriwa na kiwanda kimoja upande wa Kaplong. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa vitanda vya kunyaushia majani, ambapo majani mabichi hutandazwa na feni hupuliza hewa kutoka chini. Majani ya mwisho wa kitanda yalikuwa yakichelewa kunyauka, na meneja, Bwana Hezekiah, alitaka kujua feni zihamishiwe wapi.

Maxine alichora ukumbi wote kwenye kompyuta, akaugawa vijisanduku vidogo vidogo, akaiachia programu ikokotoe hewa inavyopita. Kila mara ilikwama. Shinikizo lilipanda bila kikomo, kisha programu ikaandika kwamba hesabu haitulii, yaani haifikii jibu moja. Alifupisha hatua za hesabu, akachora upya vijisanduku vya pembeni, wapi! Asubuhi ya mkutano alilegeza kiwango cha kosa kinachokubalika, mara mia. Programu ikanyamaza na kutoa picha safi, bluu na nyekundu.

"Hii imeweza," Hezekiah akasema. Feni zikahamishwa.

Wiki mbili baadaye majani ya kitanda kizima yalipata joto, yakawa mekundu na kunuka. Tecla, mama aliyetunza vitanda hivyo miaka kumi na tisa, akasimamishwa kazi. Ilisemekana alichelewa kuwasha feni.

"Feni niliwasha, injinia," alimwambia Maxine akivua aproni. "Lakini hewa haikufika huku mwisho."

"Pole, mama," Maxine akajibu, akitazama sakafu.

Jumatatu alirudisha kiwango cha kosa kilipokuwa, akaanza kutafuta namba zilianza kupanda wapi. Zilianzia ukuta wa mwisho. Ukuta ule una madirisha ya kutolea hewa, naye alikuwa ameuchora mzima, bila tundu lolote. Kwenye mchoro wake hewa iliingia ikakosa pa kutokea! Programu ilikuwa imemwambia ukweli tangu siku ya kwanza. Alipoyachora madirisha, hesabu ilitulia kabla ya chai ya saa nne, na picha ikaonyesha alichosema Tecla.

Alianza kuandika barua ya kuomba "marekebisho madogo" ya feni. Akaifuta, akaenda kwa Hezekiah na kumweleza yote.

"Siku ya mkutano ulijua?"

"Nilijua haijatulia. Nikaificha."

Hezekiah alimwandikia barua ya onyo, akaagiza feni zirudishwe na Tecla aitwe. Maxine akaomba aende kumwita mwenyewe.

Alimkuta akichuma chai yake, kikapu mgongoni. Akamweleza akiwa amesimama kati ya mistari ya michai, umande ukimlowesha sketi.

"Nilipokuambia hewa haikufika," Tecla akauliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilishuku, mama. Nikanyamaza. Nisamehe."

Tecla alichuma vichwa kadhaa vya majani, akavitupa kikapuni.

"Kazini nitarudi kesho. Ningekukaribisha nyumbani, lakini leo siwezi. Kanisa lote lilisikia mimi ni mzembe."

"Jumapili nitakuja kanisani nilisahihishe jambo hilo mbele yao."

"Njoo basi," Tecla akasema, akahamia mstari mwingine.