Safari ya Kwenda Kuona Vyumba Viwili Croydon, Dereva Akiwa Shemeji

Niliondoka nyumbani siku ile kwa sababu moja: nilichoka kupikia kitandani. Nyie mlioko Morogoro mkisikia naishi London mnafikiri nina sebule. Sina. Hapa Tottenham tuna chumba kimoja, watu wanne, na jiko limebanana na kitanda kiasi kwamba nikitaka kugeuza chapati lazima baba Neema akunje miguu. Asipokunja, naunguza chapati au namuunguza yeye, na kuna siku nimeshindwa kuchagua.

Basi tukaitwa Croydon, kusini kabisa mwa jiji, kuna jengo la ofisi lililogeuzwa nyumba za kuishi. Vyumba viwili, na jiko lenye mahali pake. Dada mmoja, wakala wa nyumba, alisema tufike wote wawili, mke na mume, kabla ya saa nane mchana. Tukichelewa, anampa anayefuata.

Tatizo tulikuwa na mgeni: kaka yake baba Neema, shemeji Wilfred, kutoka Texas. Huyu alikuja na picha ndani ya simu, kinyumba cha mbao chenye paa jekundu, kimejengwa uani kwake.

"Hiki chenu," akamwambia mume wangu. "Hameni. Huku mnabanana kama dagaa. Kwetu mtu na jirani yake wanaonana kwa darubini."

Tangu hapo mume wangu akawa anaiomba ile picha kila akimaliza kula, kama anaomba kijiti cha meno. Kuhusu Croydon alisema atakuja kuangalia tu. Moyo wake ulishapanda ndege zamani.

Tottenham, asubuhi. Mimi nilisema twende na treni. Shemeji akacheka mpaka akakohoa.

"Mtu mzima na watoto wake apande treni? Nimekodi gari, shemeji."

Gari lenyewe usukani uko kulia, na yeye amezoea wa kushoto. Kila akitaka kubadili gia anakamata kitasa cha mlango. Mara ya tatu mlango ukafunguka kweli. Neema, mwanangu wa miaka sita, alipewa simu ya baba yake mkubwa ashike ramani. Mdogo wake, Amani, alilala fofofo, maana bado hajui hatari.

Edgware Road. Msiniulize tulifikaje huko. Croydon iko kusini, Edgware Road iko upande mwingine kabisa, lakini shemeji alitaka kahawa. Kwao kahawa unaletewa dirishani mwa gari. Kwa hiyo akasimamisha gari mbele ya mgahawa wa Waarabu, akashusha kioo, akampungia mkono mzee mmoja wa kanzu nyeupe aliyekaa nje na kikombe chake. Mzee akatusikia tunavyobishana garini, akamjibu kwa Kiswahili cha Unguja:

"Mwanangu, mimi siuzi, mimi nakunywa. Teremka ukae."

"Nitapaki wapi, mzee?"

"Kwani nani alikwambia uje na gari?"

Nilitamani kushuka nimbusu yule mzee mkono. Nyuma yetu honi zililia, kahawa hatukunywa.

Kwenye daraja la mtoni. Foleni. Nikaona nitumie nafasi hiyo kuuliza habari za huko tunakotakiwa kuhamia.

"Shemeji, duka liko wapi hapo kwenu?"

"Mbali kidogo. Kwa gari unafika."

"Na kwa miguu?"

"Hakuna njia ya miguu."

"Saluni?"

"Hairuhusiwi. Mtaa wetu sheria inakataa duka, saluni, kinyozi, ghorofa za kupangisha. Ni nyumba tu, kila nyumba na majani yake ya kufyeka."

"Na mtu akiishiwa chumvi katikati ya mapishi?"

"Anawasha gari."

Chumvi kwa gari! Nilimgeukia baba Neema. Akajifanya anaangalia mto.

Croydon. Jengo tuliliona mapema, refu, la kijivu. Tukalipita. Shemeji alikuwa anatafuta pa kupaki kama kwao, ambako anasema duka moja lina uwanja wa magari unaotosha mechi mbili za mpira kuchezwa kwa pamoja. Tukazunguka. Jengo tukaliona tena, safari hii kwa nyuma. Tukazunguka tena. Saa nane ilikuwa inakaribia, nami nimeanza kusema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Neema alichoka na ramani, akaingia kwenye picha. Akacheka, akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba nyumba yetu imevunjika.

"Nyumba gani?" nikauliza.

Akaninyooshea simu. Kwanza picha ile ya paa jekundu. Akasukuma kidole, ikaja inayofuata: paa jekundu liko chini, juu ya lundo la mbao, na kando yake tingatinga.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Ile nyumba... ilikuwepo."

"Ilikuwepo?"

Shemeji akachanganyikiwa, akakata kona ambayo haikuwa ya magari, akaanza kujieleza mikono ikiwa hewani. Alijenga banda uani kama anavyojenga mtu yeyote kwetu, hakuuliza mtu. Kumbe mtaa wake sheria ni kiwanja kimoja, nyumba moja, familia moja. Jirani akamshtaki, wakaja kuvunja.

"Jirani gani huyo?" baba Neema akauliza.

"Simjui. Hatujawahi kusalimiana."

"Sasa sisi ungetulaza wapi, kaka?"

"Kwenye gereji. Ni kubwa kuliko chumba chenu!"

"Gereji!" nikapiga kelele mpaka Amani akaamka. "Uwatoe wanangu kwenye chumba ukawalaze na matairi?"

Akanywea. "Shemeji, nyumba yangu ina vyumba vinne, naishi peke yangu. Nilitaka nisikie watu wakigombana jikoni."

Nyuma yetu ikalia kengele.

"Nani anapiga kengele?" nikauliza.

"Kanisa," akasema shemeji.

Haikuwa kanisa. Ilikuwa tramu, treni inayopita barabarani, na sisi tuko katikati ya reli zake. Dereva wa tramu alikuwa anatuonyesha vidole ambavyo Neema aliniuliza maana yake. Nikafungua mlango, nikamnyakua Amani, nikakimbia. Sikumwita mume wangu. Nilisema moyoni, akija amekuja. Nikasikia viatu nyuma yangu: baba Neema, na Neema mgongoni.

Mlangoni yule dada wakala alishaweka funguo kwenye mkoba. Alitutazama tulivyokuwa tunahema, akazitoa tena.

Nyumba yenyewe? Taa ndefu za ofisi darini, na mlango wa chumba cha watoto bado una kibao cha Chumba cha Mikutano. Zulia lina alama za magurudumu ya viti. Baba Neema alilala chali mbele ya jiko, akanyoosha miguu yote miwili. Haikugusa kitanda wala ukuta.

"Mama Neema," akasema akiwa huko huko chini, "geuza chapati."

Tukasaini.

Safari ya kurudi. Shemeji alitokea baadaye kwa miguu, jasho linamtoka, mkononi mandazi.

"Hapo chini kuna mama Mkenya anauza mandazi! Na kinyozi! Nimesalimiwa mara mbili kabla ya kufika kwenye lifti!"

"Gari umeliacha wapi?"

"Kwenye mtaa wenye nyumba za matofali mekundu."

Hiyo ni London nzima. Tulitafuta mpaka watoto wakaanza kulia, tukapanda tramu, kisha treni. Nilimgombeza kuanzia Croydon mpaka Tottenham bila kupumzika, naye alitabasamu njia nzima.

Nilichojifunza ni hiki: mtu akikuonyesha picha ya nyumba anayokupa, mwambie asogeze uone na inayofuata.