Bibi Harusi Mwenye Masharubu

Katika sinema hiyo mimi ndiye zimwi. Nilivaa gunia la viazi lililotobolewa matundu mawili ya macho, glavu za mpira, na koti la mvua la mwenye nyumba, ambalo mikono yake iliniishia kwenye viwiko kwa sababu yeye alikuwa mfupi. Kazi yangu ilikuwa kukaba watu. Siku nyingine zote nilikuwa mpishi wake huko Parklands, na sikuwahi kukaba hata kuku, maana nyumba ile haikula nyama.

Bwana huyo alikuwa Mhindi mwenye duka la dawa katikati ya mji. Alikuwa amenunua kamera ya sinema, ile ya kujazwa ufunguo kama saa, na tangu siku hiyo hakuzungumza jambo jingine. Hadithi aliitunga mwenyewe: bibi harusi anakufa asubuhi ya harusi yake, kisha anafufuka na kuua wageni mmoja mmoja, zimwi likimsaidia. Wanawake wa familia walikataa kuigiza maiti. Bibi harusi akawa shemeji yake, karani mnene mwenye masharubu ambayo alikataa katakata kuyanyoa. Akavaa sari na kujifunika mtandio, lakini upepo ukivuma tu, masharubu hayo hapo.

Wageni wa kuuawa walikuwa haba, kwa hiyo mtunza bustani aliuawa mara tatu, kila mara na kofia tofauti. Alikuwa Mkikuyu wa Riruta, mtu mpole, rafiki yangu, tuliyelala naye chumba kimoja nyuma ya nyumba. Mke wake alibaki Riruta na shamba lao. Kufa kulimshinda. Akilala chini siafu humpanda, na bwana humfokea kutoka nyuma ya kamera, "Wewe kwisha kufa! Maiti hapana jikuna!" Basi sote hucheka, maiti akiwemo. Siwezi kusema uongo, nilizipenda Jumapili hizo.

Kilichomkera bwana ni damu. Alichanganya dawa ya kikohozi na rangi, lakini kwenye picha, zisizo na rangi wala sauti, ikaonekana kama maji ya kunawa. Ndipo akaamua kununua mbuzi. Damu ingekuwa yake, nyama ingekuwa yetu. Tulifurahi sana.

Tukaenda na gari lake hadi kwenye nyumba ya mawe iliyobomoka, karibu na msitu upande wa Riruta, sisi wanne: bwana, shemeji yake, mtunza bustani na mimi. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Mtunza bustani na mimi tukamchinja mbuzi, bwana akiwa amegeuka upande kwa kinyaa, na tukakinga damu kwenye sufuria. Kisha akatutuma tukate migomba miwili mizima. Kwao harusi haipendezi bila migomba mlangoni, na yeye alitaka mlango wa nyumba ya harusi. Tukaisimamisha mbele ya ule ukuta, tukafunga vichwa vyake pamoja juu, ikawa tao. Sufuria ya damu ikawekwa chini yake.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa Hali ya Hatari. Mimi natoka magharibi, kwetu mgomba ni mgomba. Habari za kiapo cha siri walichokula Wakikuyu dhidi ya serikali ya Wazungu nilizisikia kama mtu anavyosikia ugonjwa wa nyumba ya jirani. Sikujua kwamba waliokula kiapo walipitishwa chini ya tao la migomba, na kwamba mbuzi na damu yake vilikuwa humo humo. Bwana naye hakujua. Aliyejua alikuwa mmoja tu, naye aliposhika kamba ya kufungia migomba alinirudishia mkononi, nikadhani ni njaa.

Bwana akaita, "Mgeni, pita!"

Mtunza bustani hakupita. Akaniambia polepole, "Ndugu yangu, mimi siwezi kupita hapo."

"Kwa nini?"

"Mlango kama hii si ya mchezo. Mwambie bwana atoe migomba."

Mimi nina hasira za karibu, ninazo hadi leo. Gunia lilikuwa likiniwasha shingo, jasho likiniingia machoni, na nyama ilikuwa ikipigwa na jua. Nikamwambia, "Unaogopa ndizi? Mzee mzima? Pita tule nyama!" Akatikisa kichwa. Bwana akajaza ufunguo, kamera ikaanza kulia kama cherehani, naye rafiki yangu bado amesimama tu ukingoni mwa tao. Nikamshika mabega kwa nyuma nikamsukuma kwa nguvu zangu zote. Akapita akipepesuka, mguu mmoja ukaingia kwenye sufuria, na uso alioutoa ulikuwa wa mtu anayeona kaburi lake. Bwana akapiga kelele ya furaha. Kwa mara ya kwanza, sinema yake ilikuwa na mtu anayeogopa kweli.

Askari wa doria walitoka msituni wakati huo huo. Walikuwa sita, na Mzungu mmoja kijana, mwekundu usoni. Shemeji akakimbia, sari ikanasa kwenye miiba, akapigwa makofi hadi mtandio ukadondoka, na hata askari mmoja alishtuka alipoona yale masharubu. Mimi nilipigwa kitako cha bunduki mbavuni kabla sijavuliwa gunia, hivyo sikuona aliyenipiga. Nikaanguka. Wakanipiga mateke ya mgongo na ya kichwa, buti moja likasimama juu ya vidole vyangu, likazunguka.

Waliposoma kipande changu, kile cheti chenye kabila la mtu, wakaniacha. "Mtu wa magharibi, unatafuta nini kwa hawa?" mmoja aliniuliza, akanitemea mate.

Mtunza bustani walimuuliza jambo moja tu. "Umepita hapo?"

Angeweza kusema hapana. Angeweza kuninyooshea kidole. Akasema, "Nimepita."

Wakampiga magoti kwanza, kwa vitako vya bunduki, kwa zamu, kama watu wanaotwanga. Alipokuwa chini mmoja akampiga mdomoni, nikasikia taya likivunjika. Wakainua sufuria wakammwagia kinywani damu iliyobaki, wakisema anywe, si alikuja kunywa? Ikarudi pamoja na damu yake na meno. Bwana alikuwa amepiga magoti, mikono juu, akilia, "Sinema! Sinema tu!" Mzungu akamwambia anyamaze. Rafiki yangu wakamburuta kwa miguu hadi kwenye lori, na kichwa chake kiligonga kila jiwe njiani. Mimi nilikuwa nimelala pale pale, nimekwisha kuachiliwa, na sikusema neno.

Bwana alijitahidi, sitamnyima haki yake. Alifunga duka, akaenda kwa D.O., yule afisa Mzungu wa wilaya, na picha zenyewe aone kwamba ulikuwa mchezo. Zilirudishwa baada ya majuma kadhaa. Jibu lilikuwa kwamba picha zinaonyesha wazi Mkikuyu akipita chini ya tao, na kwamba Mhindi anamtetea boi wake, kwa hiyo atabaki kizuizini.

Kisha mke wa mtunza bustani akaja. Ilikuwa mchana, mimi namenya vitunguu. Alikuwa ametembea kutoka Riruta na nduma za kupika kwenye kikapu chake cha kiondo, akataka kuiona hiyo sinema iliyomchukua mume wake. Bwana akafunga mapazia ya sebule, akawasha mashine. Mama huyo hakuwahi kuona sinema. Alipomwona mumewe amekufa huku akijikuna, akacheka kwa sauti, akaziba mdomo kwa kanga. Nikaona aibu ambayo sijui niieleze vipi.

Ikafika ile Jumapili. Tao, sufuria, mume wake amesimama ukingoni. Mikono yenye glavu mabegani mwake. Kisha buti, nyasi, na weupe mtupu.

"Rudisha hapo," akasema. Bwana akarudisha. Akatazama mara ya pili, mara ya tatu, akiwa amesimama karibu na ukuta.

"Amesukumwa," akasema. "D.O. aliniambia, kama kuna mtu atakuja aseme kwa mdomo wake kwamba alimlazimisha, kesi itaangaliwa upya. Huyu wa gunia ni nani?"

 Bwana alinitazama, akangoja. Mashine ilikuwa ikizunguka tupu. Mbavu zangu zilikuwa bado hazijapona, na nilijua aliyemlazimisha mtu kula kiapo hunyongwa.

"Simjui, mama," nikasema. "Alikuwa kibarua wa siku hiyo."

"Mtafute, mwanangu."

"Nitamtafuta."

Akanishika mkono ule wenye vidole vilivyovunjika, kwa mikono yake miwili, akanishukuru, akaniachia nduma zote. Alirudi mara nne, kwa miguu, kuniuliza kama nimempata.