Ligi Isiyo na Chini

Juzi Jumamosi, chai ikiwa bado mezani, timu yangu ilifungwa mabao manne. Nilikuwa peke yangu sebuleni, hapa Kabeza, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Mechi ilipokwisha nikapitia maoni ya mashabiki wenyewe wa huko Australia, nikakuta wamechachamaa: wanataka ligi yao ianze kushusha timu daraja, kama ligi nyingine duniani. Mmoja alidai kwamba mpira usio na hofu ya kushuka ni mpira uliokufa. Nilimsoma mara mbili, nikaifudikiza simu.

Utashangaa, rafiki yangu, mwanamke wa Kigali anatafuta nini kwenye ligi ya Australia wakati jiji zima limevaa jezi za Uingereza. Jibu ni saa tu. Wao wakicheza jioni, kwetu ni asubuhi, na asubuhi hakuna mpira mwingine. Kwa hiyo sisi tuliokulia Gikondo, kule bondeni kwenye gereji na maghala, tulikunywa chai na ligi ile. Wenzetu waliamka na redio, sisi tuliamka na mtangazaji wa Kiingereza ambaye hakuna aliyemwelewa.

Banda la mpira lilikuwa la mabati, katikati ya fundi wa rejeta na ghala la unga. Asubuhi lilinuka oili chafu, unga wa mahindi na mandazi ya bibi yangu. Bibi alikulia Tanzania, akarudi Rwanda na vitu viwili, Kiswahili chake na karai lake la kukaangia. Kazi yangu ilikuwa kubeba beseni la mandazi na chupa ya chai ya tangawizi hadi bandani, nikae juu ya kreti pembeni mwa mlango, niuze. Ndiyo maana niliyaona yote.

Mtaa wetu uligawanywa na nguo. Enzi zile mitumba ilikuwa bado inaingia kwa wingi. Kigali tunaiita chagua, kwa sababu unainama, unafukua, unachagua. Muuzaji mmoja alifungua marobota mawili, na badala ya masweta zikatoka jezi tupu: robota moja bluu, jingine rangi ya machungwa. Mafundi wa gereji wakawahi za bluu. Wabeba magunia wa kwenye maghala wakachukua za machungwa. Wakazivaa kama nguo za kazi, bila kujua ni za nani, mpaka asubuhi moja luninga ya bandani ikaonyesha timu mbili zinaingia uwanjani, moja bluu, moja machungwa, na nembo zilezile kifuani.

Banda zima likasimama.

"Yewe! Iko sisi!" mbeba magunia mmoja akapiga kelele.

Kabla ya mapumziko, jino la kwanza lilikuwa limeng'oka.

Usidhani natia chumvi. Pale bandani watu walipigana kila mwisho wa wiki, na walipigana kweli. Nilimwona mtu akimng'ata mwenzake sikio kwa sababu ya bao la kuotea. Nilimwona fundi wa rangi, nyusi imepasuka, amepanga foleni ya chai kwangu. Damu ikadondokea kikombeni, akakoroga kwa kidole, akanywa. Mwenye banda aliweka sheria kwamba kila fundi aache nyundo na spana mlangoni kabla ya kuingia. Rundo la vyuma lilikuwa hapo kando ya kreti langu kila asubuhi, kama viatu nje ya msikiti.

Lakini jambo ambalo sijaliona mahali pengine ni hili: walipigana kimya. Kigali ni mji wa utaratibu. Kelele ikizidi, irondo, doria ya mtaa, inafika, na banda linafungwa. Basi watu walibana midomo. Ngumi ilipoanza, mwenye banda aliongeza sauti ya luninga, na kilichosikika nje kilikuwa mtangazaji tu. Ndani ulisikia pumzi, viatu vikiburuzwa, na nyama ikipigwa. Hata aliyevunjika mbavu alilia kwa pua.

Kaka yangu alikuwa fundi wa kuchomelea. Wateja walitoka mbali kuleta mageti kwake, kwa sababu mstari wake wa kuchomelea ulikuwa umenyooka, huhitaji kuukwangua wala kuuficha kwa rangi. Yeye na mwenzake wa kazi walikuwa wamekwisha kupata kibanda cha kufungua karakana yao wenyewe. Bibi alikuwa akikiombea kila usiku. Maisha yetu sote watatu yalisubiri kibanda kile, na kibanda kilisubiri mikono ya kaka.

Mwenzake aliishi upande wa maghala, kwa hiyo alikuwa mtu wa Machungwa. Siku za kazi walichomelea bega kwa bega na kutaniana.

"Kipa wenu iko kama mlango ya kanisa," mwenzake alimwambia. "Kila mtu anaingia bure."

"Na mshambuliaji wenu iko mgonjwa," kaka alimjibu. "Mupeleke Kibagabaga, hospitali iko huko."

Msimu ule Bluu ilianza vizuri, ikakaa kileleni. Kaka akapanda juu ya benchi, kifua mbele, akatangaza kwamba timu itakayoshuka daraja, watu wake watavua jezi hapa mlangoni, zichomwe moto, wala wasivae nyingine tena. Wakapiga makofi pande zote mbili. Hakuna aliyeuliza kama ligi ile inashusha. Nani angeuliza? Kila ligi tuliyoijua ilikuwa na chini yake. Kila kazi pia, na kila mtaa. Sisi wa bondeni tulijua hilo kuliko wa mlimani.

Mvua za itumba, masika yetu, zilipoanza, Bluu ikaanza kufungwa. Ikateremka wiki baada ya wiki, huku maji ya mlimani yakiteremka na kujaa kwenye gereji. Bandani utani ukapungua, ngumi zikaongezeka. Bibi alimkataza kaka kwenda. "Mwenye nguvu mpishe," alisema, akimwonyesha mwiko. Kaka akacheka, akambusu kichwani, akaenda.

Mechi ya mwisho ilikuwa Jumapili. Bibi alikuwa kanisani. Bluu ilihitaji sare tu isishike mkia, na hadi dakika za mwisho ilikuwa nayo. Halafu mpira ukarushwa, ukagonga goti la beki wetu, ukaingia. Nakumbuka kimya kilichofuata. Hakikuwa kile cha kuogopa doria. Watu walikuwa wameishiwa.

Watu wa Machungwa walikuwa tayari na nusu pipa lenye moto chini ya mapaa ya bati. Mafundi wa gereji wakatoka mmoja mmoja, wakavua, wakatupia. Jezi zile haziungui kama pamba, zinajikunja na kuyeyuka, na moshi wake unakaba koo. Kaka alibaki kwenye benchi.

Mwenzake akamwendea. "Toa, sha. Tumalize."

"Sitoi."

"Si weye ulisema?"

"Nilisema. Sasa nasema sitoi. Ikishuka, nashuka nayo."

"Basi shuka," mtu akasema nyuma, na wakamrukia.

Walimburuza hadi mlangoni, karibu na miguu yangu. Alipigwa mateke tumboni, alipigwa usoni na kisigino cha buti. Jezi ikavuliwa ikapita kichwani, ikatoka mkono wa kushoto, ikabaki mkono wa kulia tu, ambao ulikuwa umeukamata ukingo wake na kufunga ngumi. Waliuvuta ule mkono, wakaung'ata, ngumi haikufunguka. Mwenye banda akaongeza sauti.

Leo ukiuliza watu wa Gikondo, mmoja atakuambia ilikuwa spana, mwingine atasema aliyepiga ni mtu aliyehamia Uganda. Mimi nilikuwa nimekaa pale. Ilikuwa nyundo, aliichukua kwenye rundo, na aliyeichukua ni mwenzake. Akaulaza ule mkono kwenye kizingiti cha saruji. Alisema neno moja la Kinyarwanda, kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba: "Rekura." Achia. Kaka akatikisa kichwa. Mwenzake akapiga mara ya kwanza, kisha akapiga tena, kwa sababu vidole havikuachia. Mlio wa mifupa ulikuwa kama wa mtu anayevunja muwa uliokauka. Kaka hakupiga kelele. Alijiuma mdomo wa chini mpaka ukachanika. Kwenye luninga wachezaji wa timu zote mbili walikuwa wamekumbatiana, wanabadilishana jezi.

Ngumi ikafunguka. Jezi ikatupwa pipani.

Ni mwenzake huyohuyo aliyeita pikipiki, akakaa nyuma ya kaka akimshikilia asianguke njiani. Hospitalini akasema geti limemwangukia, na kaka akakubali kwa kichwa. Jioni alimrudisha hadi nyumbani. Bibi, ambaye alikuwa ameshasikia, alimfungulia mlango, akamzaba kofi, akamzaba la pili lililomtoa damu puani, kisha akamvutia kigoda na kummiminia chai. Akasema methali yake, "Vita vya panzi, furaha ya kunguru." Akatutazama mmoja mmoja. "Sasa niambieni. Kunguru yuko wapi?"

Kunguru wetu, kama alikuwepo, alikuwa ng'ambo ya bahari, amelala, hajui kama Gikondo ipo.

Bandeji ngumu ilipoondolewa, vidole viwili vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani na havikunyooka tena. Kaka alijaribu kushika kishikio cha kuchomelea, kikamponyoka na kumchoma paja. Akajaribu tena kesho yake, na kesho kutwa, mpaka paja likawa na makovu kama ngazi. Alijaribu kwa mkono wa kushoto; mstari ukatoka umepinda kama njia ya mchwa, akauponda kwa nyundo yeye mwenyewe. Kibanda cha karakana wakakipata watu wengine.

Msimu mpya ukaanza na mvua za umuhindo, vuli yetu. Nilikuwa kwenye kreti langu. Kaka alikuwa ndani, amevaa shati. Mwenzake alikuwa ukutani upande wa pili. Hawakuwa wamesemeshana tangu siku ile ya chai. Luninga ikaonyesha njia ya kuingilia uwanjani, na timu zikatoka. Ya kwanza ilikuwa nyeupe. Ya pili ilikuwa bluu.

"Si ilishuka?" mtu akauliza.

Nembo ilikuwa ileile, na kipa alikuwa yuleyule. Kijana mmoja aliyekuwa na simu yenye intaneti akahangaika nayo kwa muda mrefu, wote tukimtazama, kisha akainua kichwa.

"Huko hawashuki," alisema. "Wa mwisho anabaki tu. Ligi yao haina chini."

Kaka alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, na wengine wakacheka kidogo kwa woga. Halafu akanyanyuka, akavuka banda, akasimama mbele ya mwenzake. Mwenzake aliweka mikono nyuma ya mgongo.

"Piga," akasema. "Ni haki yako."

Kaka alimpiga kwa mkono wa kushoto. Alimpiga mdomoni, sikioni, chini ya jicho, bila haraka. Mwenye banda aliongeza sauti ya luninga, na hakuna aliyeingilia. Mwenzake alikuwa anateleza ukutani, anasimama tena, anangoja. Alipozidiwa na kuketi chini, kaka aliketi kando yake, wote wawili wanahema, damu ya mmoja kwenye shati la mwingine, wakatazama mpira hadi mwisho. Bluu ikafungwa. Hawajasemeshana tena hadi leo.

Tangu siku ile nimeifuata timu ile kama mtu anavyofuata kesi. Najua kasoro za ligi yake: viwanja vitupu, nyota wazee wanaokwenda huko kumalizia miguu yao, vijana wazuri wanaouzwa kabla hujazoea majina yao. Imeshika mkia mara nyingine, na kila umuhindo inarudi uwanjani imenyoosha jezi.

Gikondo ile haikurudi. Agizo la serikali la kuliachia bonde maji yake, liwe kinamasi tena, lilikuja, viwanda vikahama, gereji zikabomolewa, na watu wakatawanyika kila mmoja na mabati yake kichwani. Bibi alitangulia mbele za haki kabla ya kuona. Nilipita pale mwaka huu. Ni majani na ndege tu. Nilitafuta kizingiti cha saruji, nikakosa hata mahali pa kuanzia kutafuta. Mwenzake nasikia alikwenda Kongo kuchomelea mageti ya huko. Kaka ana duka dogo mtaa wa pili na hapa. Hupima sukari kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko mfukoni.

Ninayakumbuka yote, rafiki yangu. Harufu ya jezi ikiyeyuka ninayo puani hadi leo. Mlio wa kofi la bibi, makovu ya paja, lile neno rekura, naweza kukueleza kila kimoja kilikaaje. Kitu kimoja tu nimekitafuta nikakikosa. Nafumba macho, namwona kaka ameinama juu ya geti, kofia ya kuchomelea usoni, cheche zinaruka. Nashuka begani, nafika kwenye kiwiko, na hapo picha inakwisha. Mkono wake mzima siukumbuki. Ulikuwa mzima tu, hapakuwa na sababu ya kuutazama.